Deni la Soli

Nianze na ukweli: sikwenda kuandamana.
Nilikwenda kudai elfu nne.

Mushagalusa, kinyozi wa Mwanjelwa, mtu wa ng'ambo ya ziwa,
alichukua viatu vyake Jumatatu,
soli mpya, uzi mara mbili.
"Kesho, fundi," akasema.
Kesho ya kinyozi huota ndevu.

Alhamisi wakapita mbele ya kibanda changu
na mabango, na filimbi, na tarumbeta la kanisa,
fulana nyeupe bado zina mikunjo ya dukani.
Nikajisemea: fulana hizo kuna mtu kalipia.
Nikajisemea: yule wa mbele kashika soda,
basi mahali fulani kuna kreti.
Na vita viko kule, siku mbili kwa lori, usiku mmoja majini.
Jenerali gani ataweka kikombe cha chai mezani
aseme, ngojeni kwanza, Mwanjelwa wamekasirika?

Halafu nikaviona viatu.
Watu mimi nawajua kuanzia chini.

Nikaingia kati yao kama mtu anayevuka barabara,
nisivuke.
Mama mmoja akanipa bango, "Nishikie, nimfunge mtoto,"
akamfunga mgongoni, akaenda zake.
Ndivyo nilivyopigwa picha.

Baridi ya Loleza ilikuwa imeteremka hadi kwenye lami.
Malori ya shaba yakasimama kutupisha,
mengi, yamefunikwa turubai kama maiti za matajiri.
Dereva mmoja akapiga honi ndefu
na vijana wakashangilia.
Mimi niliona uso wake: ana haraka ya kufika Dar.
Au nilikosea. Kioo kilikuwa na vumbi.

Mafiati wakatangaza dakika moja ya kimya.
Nilikuwa nimemfikia, nimesimama mgongoni kwake,
elfu nne iko kwenye ncha ya ulimi.
Lakini kudai penye kimya
ni kukohoa wakati jeneza linashuka.
Nikaangalia chini.

Siku tatu tu, na soli ya kulia imeshaliwa upande wa nje.
Anakanyaga kama mtu anayetaka kugeuka.
Nikakumbuka nilipozing'oa zile za zamani:
kwenye mshono kulikuwa na changarawe nyekundu,
nyekundu ambayo huku kwetu haipo.
Nilizipuliza zikadondoka sakafuni.
Jioni nikafagia.

Midomo yake ilikuwa inahesabu, bila sauti.
Ilifika kumi na moja, ikasita,
ikaanza tena moja.
Mahali fulani chipsi zilikuwa zinachemka kwenye mafuta
na mwenye chipsi hakujua kama azitoe.

Dakika ikaisha. Akageuka.
"Fundi! Na wewe umekuja!"
Akanikumbatia mbele za watu,
ananukia spiriti na poda ya kunyolea.
Nikasema, "Ndiyo."
Elfu nne ikarudi tumboni,
na bango likanisimamia juu ya kichwa
kama shahidi wa uongo.

Sikuamini wakati ule, wala siamini sasa.
Usiku redio ilisema mji mwingine umeangukia mikononi mwa wengine,
ikasoma bei ya mahindi,
ikacheza muziki.

Ijumaa akaja Lusekelo wa bajaji
na buti zilizotoboka; mvua, anasema, inaingilia chini.
Boksi la bango lilikuwa kavu, gumu, zuri.
ACHENI VITA, kwa wino wa bluu.
Nikachora nyayo mbili, nikapitisha kisu:
la kushoto likapata ACHE,
la kulia likapata NI VITA.
Nikayasukuma ndani, maandishi juu.

Akavaa. Akakanyaga, akakanyaga tena.
"Joto," akasema. "Bei gani?"

Nikatafuta bei.
Nikamwambia, "Kesho."