Deni la Yadi Sita

Mwaka umefinyangwa kwa saruji juu ya mlango: 1931,
na chini yake jina lililoliwa nusu na mvua za Mbale.
Fundi Wamimbi anataka kulisawazisha.
Nasema: liache.

Tulikwangua rangi ya buluu, tukakuta kijani,
chini ya kijani chokaa, na juu ya chokaa
hesabu za penseli: sukari, mafuta ya taa,
amerikani yadi sita kwa Nambozo, deni, halijafutwa.
Bibi yangu aliitwa Nambozo.
Lakini hapa, ukiita jina hilo sokoni, watageuka kumi.

Mbele zitakaa cherehani mbili na meza ya kukatia;
nyuma kitanda, jiko, beseni la mtoto.
Kati, mlango wa mvule usiokubali kufunga:
mteja atasikia maharage yakitokota,
nami nitalala nikilisikia kufuli la duka
likigongwa na upepo.

Afisa wa manispaa alikuja na fomu.
"Makazi au biashara? Chagua moja."
Nikamwonyesha ukuta.
Akaandika kitu, hakuniambia nini.

Pesa za bati zimeishia kwenye kenchi:
mchwa walikwisha kula, kimya, bila risiti.
Wanale imejitanda wingu. Tumefunika kwa turubai.

Ile hesabu sikuipaka rangi.
Nimeizungushia fremu, kando ya futi ya kupimia.
Jana mwanamke mmoja kaisoma, akacheka,
akauliza kama riba bado inahesabiwa.