Daftari la Gereji, Makupa

Injini: silinda nne. Sisi 1171.
(Sisi wa nyumbani, wanane.)
Kipenyo milimita sabini na tatu,
mwendo wa pistoni sabini.
Gia nne; ya tatu hulia
kama mlango wa choo chetu.
Rimu inchi kumi na mbili:
Mwanasiti alipokuwa mchanga
tungemlaza ndani ya tairi, akaenea.

Baba aliandika kwa penseli ya seremala,
grisi hadi viwikoni.

Uzito: akaipeleka Datsun
kwenye mizani ya kopra, Shimanzi.
Makarani wakacheka.
Kilo mia saba na tatu.
Akang'oa kiti cha nyuma, zulia, redio,
bampa zote mbili.
Mia sita arubaini na tisa.
"Bado nzito," akasema,
akaenda kunyoa ndevu.

Tangi la pili: debe la samli, limechomelewa kwenye buti.
Kimo toka sampu hadi chini: shibiri kasoro kidole.
Mawe ya Taru hayajui milimita.

Pembeni, kwa wino wa bluu, hati ya mama:
unga ratili kumi, deni.
Mafuta ya taa, deni.
Plagi nne mpya: deni la nani?

Haikufika Voi.
Bwana Pinto, dereva, alirudi kwa lori la mkaa,
kakumbatia usukani.

Daftari ninalo mimi.
Wajukuu huuliza: ilikimbia kiasi gani?
Nawafungulia ukurasa wa mwisho.
Kasi ya juu, nukta mbili,
kisha alama ya kidole gumba,
cheusi.