Hesabu za Tishari Namba Saba

Umeniuliza bei, Kihiyo,
kwa sauti ya mtu aliyekwisha nunua.
Basi kaa. Si hapo, hapo rangi mbichi.

Bei ilikuwa milioni tatu na laki mbili,
mnadani, nyuma ya karakana, kwa chuma chakavu.
Wenzangu walipiga hesabu ya kilo.
Mimi nilikuwa karani wa mizani, ghala la mkonge,
miaka ishirini na miwili.
Tishari hili lilibeba robota zangu hadi melini
nami nikabaki gatini, kalamu sikioni.
Hiyo ndiyo bei. Sasa sikiliza gharama.

Maji: dumu ni mia mbili bombani.
Likifika hapa ni elfu moja,
kwa kuwa Nyange mwenye kihori naye ana watoto.
Bahari nzima iko mlangoni
nawe unasuuza sahani kwa kijiko.

Umeme: sola moja, betri la lori.
Feni au redio. Chagua.

Choo. Hapa watu hushusha sauti.
Ndoo, pumba za mbao, kifuniko kinachobana.
Kila Jumanne naipeleka nchi kavu, nafukia
nyuma ya nyumba ya shemeji, Mikanjuni.
Mwaka huu migomba yake imezaa hadi ikaegemezwa miti.
Hajauliza. Sijasema.

Kutu hailali, Ijumaa wala Idi.
Subiri bamvua, livute mchangani Sahare,
maji yakitoka una saa chache tu:
vijana sita, nyundo sita, chaza wakali kama wembe,
makopo manne ya rangi,
na wali kuku, maana kijana wa Tanga
hakwangui chuma kwa maharage.
Laki saba na nusu.
Mwaka jana mvua ilitunyeshea rangi haijakauka.
Andika laki tisa.

Bandari nao wana kitabu chao. Wanatoza kwa mita.
Niliwaambia mita tatu za nyuma zimeoza.
Wakasema zilizooza nazo zinakaa mahali.

Nilikwenda serikali ya mtaa kutaka barua ya utambulisho.
Binti akauliza, nyumba namba ngapi?
Saba.
Jirani wa kulia ni nani?
Nikamwambia, inategemea maji.
Alicheka hadi akaweka kalamu chini.
Barua sikupata.

Lakini ni kweli. Nanga ni moja.
Maji yakijaa, mlango wangu unatazama mji,
saa ya mnarani, nguo za watu kambani;
yakipwa, nyumba inageuka taratibu
kama mgonjwa anayetafuta ubavu wa kulalia,
na hapo mlangoni sina jirani kabisa.
Hili sikujua niliandike safu gani.

Mwanahawa alivumilia siku tisa.
Ya kumi akasema, "Hiza, godoro linanuka chumvi.
Mimi si ngonda."
Akarudi Ngamiani kwa dada yake.
Jumapili huja na mkate wa kumimina,
hukaa hadi maji yanapogeuka.
Kihori, kuja na kurudi, elfu nne.
Niliiandika kwenye matumizi.
Aliiona, akaikata kwa mstari mmoja,
akaipeleka upande wa mapato.
Miaka yote ile ya ukarani
hakuna aliyewahi kunisahihisha.

Jumla kwa mwezi, ukigawa kutu kwa miezi yake,
ni laki moja themanini na kitu.
Chumba Chumbageni ni elfu sabini,
na choo cha kuvuta.

Unatikisa kichwa, lakini macho yako
yako kule kwa Namba Tisa, nimeyaona.
Ina tundu chini ya injini, upana wa kiganja.
Nunua pampu kwanza. Chombo baadaye.

Usiku ngama ikifika shubiri mbili
pampu yangu hujiwasha yenyewe.
Nalala chali, nahesabu, kama nilivyohesabu robota.
Dakika moja. Mbili. Tatu.
Ikizidi nne,
navaa suruali.