Mstari wa Kijani

Kwa Masalu, kule Mabatini, raundi moja ni mia mbili.
Kutazama ni bure, mradi ukae chini usiwazibe wenye hela.
Nilikaa chini miezi saba.

Nikampenda Orunda, mpiga upinde asiye na jeshi,
nywele kichaka kilichopigwa radi.
Akija karibu kusema neno, husimama palepale,
na shavuni ana mstari wa kijani, mwembamba,
toka juu ya jicho la kushoto hadi kidevuni.
Nilijua ni kovu. Vita fulani
ambavyo gemu imekataa kutusimulia.

Nyumbani, juu ya mawe, nikachomoa karatasi
ya katikati ya daftari la Jiografia.
Pua ilinikataa mara nne.
Vidole nikavificha nyuma ya upinde;
asiyejua kuchora vidole anaujua ujanja huu.
Nyeusi, mkaa.
Kahawia, majani ya chai ya jana birikani.
Kijani nikaiba makapeni ya mama,
ile ya kuandikia kilo kwenye magunia ya dagaa,
na Orunda akanukia Mwaloni.

Jumapili akaja binamu Ng'washi kutoka Nyegezi
na simu pana kama sahani.
"Huyu si mtu wako?"
Alikuwa yeye. Uso laini, yai lililomenywa.
Hana kitu shavuni.

Kesho yake sikumtazama Orunda, nilitazama runinga.
Mstari ulikuwa juu ya farasi,
juu ya mawingu, juu ya mizoga,
juu ya neno UMEKUFA.
"Kioo kiligonga jiwe tukikipandisha huku," Masalu akasema.
"Ulitaka nikitupe?"

Nilichukua kifutio. Makapeni haifutiki,
ikatoboka karatasi kidogo, hapo chini ya jicho,
nikaacha.
Nikaiomba simu ya Ng'washi nimtazame tena yule msafi:
alikuwa kama mtu aliyetoka nyumbani
akasahau kitu, na hajakumbuka ni nini.

Masalu akambandika ukutani kwa uji wa muhogo,
kando ya bei na onyo la kutokopa.
Wa chini wakainua shingo. Mmoja, Lushinge,
kamasi mpaka mdomoni, akasema, "Ndiye."
Nikalipwa raundi moja.
Mara ya kwanza kushika pedi; viganja vililoa.
Nilikufa kabla ya daraja la kwanza.