Pilipili za Kidakani

Muchiri wa Mpeketoni hakuwa na pesa zote za kioo.
Alinilipa nusu taslimu, nusu pakiti ya mbegu:
pilipili mbuzi, kumi na moja nilipozihesabu
juu ya meza ya kazi, katikati ya skrubu.

Sijawahi kuotesha kitu.
Mimi ni fundi simu wa Langoni,
nimezoea maradhi ya vitu visivyokunywa maji.

Nje kuna mbuzi wa mtaa mzima,
na darini jua ni la mwenye nyumba na wageni wake.
Nikapanda ndani, kwenye vidaka vya ukuta
ambamo bibi yake mama alipanga sahani za Kichina:
kila mbegu na kopo lake la maziwa lala,
juu yake taa niliyoiunga mwenyewe.
Zikachipua zote.
Siku tisa nilitembea mjini kama mzazi.

Siku ya kumi na nne, miche ina shingo ndefu,
nyembamba kama waya wa spika,
yote imeinamia mlango.

Simu ikifa, mimi huanza na chaji.
Nikashusha taa. Nikaishusha mno:
asubuhi majani ya juu yamejikunja, ncha kavu.
Nikaipandisha shubiri moja na vidole viwili.
Shingo zikakaza.
Ndipo rangi ikaanza kuondoka.

Nikasema ni kiu. Nikamwagia.
Haikubadilika, nikamwagia tena;
kila nilipoogopa nilishika kata,
mpaka udongo ukanuka na visubi vikazuka.
Nikasema basi ni njaa.
Shekuwe akaniletea samadi ya punda wake,
mbichi, bado ina joto mkononi.
Miche mitatu ikalala jioni ile, haikuamka.
Nilikuwa nimeisukumia moto betri iliyojaa,
kosa ambalo mwanagenzi wangu angelipigiwa kelele.

Nikauweka mmoja chini ya lenzi ya kuchomelea.
Jani changa limepauka, mishipa bado kijani,
kama ramani ya mji huu
iliyobakizwa vichochoro, nyumba zikafutwa.
Nililitazama hadi mteja akagonga meza.

Mteja ni Bi Mwanatumu, amefuata chaja yake.
Akachovya kidole koponi, akaonja.
"Mai haya ya wapi?"
Ya kisima cha uani.
"Yana munyu, mwanangu."
Akapitisha kidole cha pili ndani ya kidaka,
akakiinua mbele ya uso wangu: cheupe.
Ukuta wa babu zangu ulikuwa ukipukutika
chokaa kwenye makopo, usiku baada ya usiku,
nami nikilala chini yake, sisikii.
Akalipa hamsini. Akaondoka na chaja yake.

Sasa natega jagi chini ya eisi ya gesti ya jirani,
inadondoka tone, tone, maji yasiyo na ladha yoyote.
Vidaka nimevitandika nailoni.
Sinyweshi kwa hofu tena: nanyanyua kopo kwanza,
likiwa jepesi kama simu isiyo na betri, ndipo.

Majani ya zamani hayakurudi.
Hilo sikulitegemea. Simu ukiipatia inawaka yote,
huu mmea unaacha kovu lilipo
na kutoa jani jipya pembeni, kijani, bila maelezo.

Minne imesimama.
Wa tano, kidaka cha chini kabisa,
maji yale yale, taa ile ile, nailoni ile ile,
haufi, haukui, ni njano tu.
Nimeondoa kila sababu ninayoijua.
Kila usiku nautazama kabla ya kufunga mlango.

Na pilipili mimi sili, nina vidonda vya tumbo.
Ile nisiyoila ndiyo imeniwasha.

Jana Muchiri kapiga, kioo kinafanya kazi vizuri, ahsante.
Mbegu hakuuliza.
Mimi ndiye niliyeanza, shingo, visubi, chokaa, yule wa tano,
mpaka salio lake likakatika.