Kisu Kimoja

Tulipasuliwa Jumanne moja, mimi na wifi Mwanasha,
daktari yule yule, uzi ule ule,
vitanda viwili, dirisha moja la kutazama Tudor.
Nilizinduka nikamsikia akimuuliza nesi
kama mahamri bado yapo duniani.

Mwezi wa tatu sukari yake ilitulia,
mtoto aliyeonywa mara moja akasikia.
Vidonge akavitia mkebe wa halua, akafunika.
Mimi nimepungua kilo thelathini na moja,
buibui limerudi kwa fundi mara mbili,
na bado sindano naiweka nyuma ya maziwa.

Kibokoni wamekwisha kuhukumu: huyo hula usiku.
Wallahi sili.

Daktari alivua miwani, akaifuta, akaivaa.
"Kisu hukata tumbo," akasema, "hakikati miaka.
Mwenzio sukari alikaa nayo miwili,
wewe kumi na saba. Kongosho lako
ni kuli aliyechoka:
umempunguzia gunia, mgongo haujarudi."
Akataja damu ya ukoo, vijidudu vya utumbo,
kila mtu na mtaa wake humo ndani.
"Na mengine hatuyajui."

Hilo la mwisho ndilo nililokuja nalo nyumbani.
Lilikuwa jepesi kuliko lawama.

Ijumaa Mwanasha huja. Pilau, vijiko vitatu kila mtu,
sinia kubwa linatucheka.
Kisha hunitoboa kidole yeye mwenyewe,
tunangoja tarakimu pamoja.
Leo tisa nukta nne. Ijumaa iliyopita kumi na moja.
Hasemi kitu. Anafuta tone la damu
kwa ncha ya leso yake mpya,
ambayo hata maji haijaonja.