Nta na Mistari

Printa yetu haina wino wa kumwagika.
Ina utepe mweusi uliopakwa nta
na kichwa chenye vidoti vya moto
vilivyopangwa kama meno ya kitana.
Kila kidoti na zamu yake: waka, zima, waka.
Kinapowaka, nta inayeyuka, inaganda kwenye karatasi,
na lebo inatoka ina vuguvugu la kiganja.

"Nta?" akauliza Kashindye. "Ya nyuki?"
Ya kiwandani, nikamwambia.
Akaguna.
Alikuwa ametoka Ipole na baiskeli, madumu mawili,
moshi wa mizinga ungali kwenye koti.

Hapa Tabora, chumba cha ushirika nyuma ya stesheni,
tunachuja, tunapima, tunafunga vifuniko.
Chupa isiyo na mistari haipokelewi duka kubwa la Mwanza.
Binti wa kaunta hasomi neno "asali";
anangoja mlio.

Kashindye akaiinamia lebo.
"Mimi niko wapi humu?"
Mizinga yake ina alama ya kisu:
mikato mitatu, baba yake aliacha hiyo,
na wa nne, wa kulala, aliuongeza yeye.
Mwizi akiinua macho juu ya myombo
anajua anamwibia nani.

Nikamwonyesha. Mnene, mwembamba,
na weupe wa katikati nao unasomwa.
Tarakimu ya mwisho inawachunga wenzake;
mmoja akikosea, skana inakataa.
Jina lako halimo.
Namba inabisha hodi, daftari ndilo linajibu.

Nikiwa kwenye somo hilo
ufa mweupe ukashuka, lebo hadi lebo,
mstari mnene ukapasuka ukawa miwili:
kidole changu chenye asali kilikuwa kimegusa kichwa.
Lebo arobaini, zote bubu.
Pamba, spiriti, subira.

Ya kwanza kupona aliichukua yeye,
akaibandika kwenye madigadi ya baiskeli
kando ya NYAMIZI ya rangi nyekundu.
Kwa mzaha nikaielekezea skana.
Ti!
Asali, nusu kilo, shilingi elfu nane.
Alicheka hadi akashika ukuta.

Kisha akatoa kisu,
na pembeni mwa meza yangu, bila kuomba ruhusa,
akakata mitatu, akalaza mmoja.
"Na hii?"
Nikaimulika. Kimya.
Nikaimulika tena.
"Hiyo," akasema akifunga madumu matupu,
"mpaka unijue."